Vitabu Vilifika Busia, Alama Zikabaki Palepale

Kenya kila mtu ni mtaalamu wa elimu. Mjomba anasema watoto wa zamani walipita kwa sababu ya kiboko. Jirani anasema dawa ni kompyuta. Mwanasiasa naye anakuja na mtaala mpya. Mimi nikisikia hivyo huwa nauliza kitu kimoja tu: umejuaje? Na sio dharau. Ni swali la zamani sana kwa sayansi, na kurasa zake muhimu ziliandikwa hapa kwetu, magharibi mwa Kenya.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1843 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika kwamba ukitaka kujua chanzo cha jambo, linganisha hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Matokeo yakitofautiana, hicho kimoja ndicho cha kushikwa. Sawa, lakini shule mbili zinazofanana kwa kila kitu utazitoa wapi?

Jibu lilitoka shambani. Miaka ya 1920 Ronald Fisher, mtu wa takwimu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alisema usihangaike kutafuta mashamba pacha. Chukua vipande vingi, acha bahati nasibu iamue kipi kipate mbolea na kipi kikose. Udongo mzuri na mbaya utagawanyika pande zote mbili. Baadaye madaktari walitumia mbinu hiyo kupima dawa.

Miaka ya 1990 ikafika Busia. Michael Kremer, mchumi Mmarekani aliyewahi kufundisha Kakamega, pamoja na wenzake walianza kupima misaada ya shule. Chukua mfano wa chati kubwa za kufundishia, zile za kupindua karatasi. Ukilinganisha tu shule zilizo nazo na zisizo nazo, zenye chati zinaonekana kufanya vizuri zaidi. Kesi imeisha? Hapana. Watafiti walichukua shule 178, nusu zikapewa chati bila kuangalia nani yuko vizuri na nani yuko chini. Alama hazikusonga. Ina maana shule zilizojinunulia chati huenda tayari zilikuwa na mwalimu mkuu mwenye bidii au wazazi wenye uwezo. Chati ilikuwa inapigiwa makofi kwa kazi ya mtu mwingine.

Halafu vitabu. Nani anaweza kupinga vitabu? Shule 100 ziliingia kwenye utafiti, na 25 za kwanza zikapata vitabu mwaka wa 1996. Kwa wastani, hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo mimi huona hatari ya namba moja ikiachwa iongee peke yake, maana ungesema basi vitabu havina kazi. Walipochimba zaidi walikuta wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda. Wengine walibaki walipokuwa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi kule Kiingereza ni lugha ya tatu. Wengi hawangeweza kuvisoma. Wastani uliwaficha, na nadhani mtaala wenyewe ulikuwa umewasahau kitambo.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha walimu wa mkataba. Jaribio la magharibi mwa Kenya lilionyesha kuwa mwalimu wa ziada, anayelipwa kidogo kuliko mwalimu wa serikali, anaweza kuinua matokeo. Basi serikali ikaamua kuajiri walimu kama hao nchi nzima. Wakati huo huo watafiti wakapima tena, shule 192 katika mikoa yote 8 ya wakati ule. Upande mmoja mpango uliendeshwa na shirika lisilo la serikali, alama zikapanda. Upande mwingine uliendeshwa na Wizara ya Elimu, alama zikabaki palepale. Mpango ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono ulioushika: mishahara kuchelewa, usimamizi kulegea, na mvutano wa vyama vya walimu juu ya ajira ya kudumu.

Mwanafalsafa Nancy Cartwright amekuwa akisisitiza jambo hili kwa miaka: kujua kwamba kitu kilifanya kazi mahali fulani sio sawa na kujua kitafanya kazi kwako. Jaribio zuri linakuambia nini kilisababisha nini, pale, kwa wale watoto, chini ya wale wasimamizi. Kuvuka kutoka pale hadi kwenu ni kazi nyingine kabisa, na inahitaji mtu anayeijua shule yenu.

Mwaka wa 2019 Kremer alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Poa sana, walistahili. Lakini heshima nyingine iende kwa watoto wa Busia, kwa sababu sayansi hii ilijengwa na mitihani yao.

Sisi ndio kizazi kinachobadilishiwa mtaala kila kukicha. Kwa hivyo mtu akikuambia utafiti umethibitisha, usimpinge na usimpigie makofi bado. Muulize: mlilinganisha na nani? Wastani umemficha nani? Na huko ilikofanya kazi, nani alikuwa anaiendesha? Akishindwa kujibu, basi bado ni maoni tu, kama ya mjomba.