Ukungu wa San Andreas

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema ya kale ni dhahabu. Nyingine yasema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ndugu msomaji, mimi nimo katikati ya ugomvi huo kwa miaka kadhaa sasa, na chanzo chake ni gemu ya video. Usicheke kwanza. Nisikilize.

Mimi ni mtoto wa Vudee, huku milimani Upareni, wilaya ya Same. Asubuhi za mvua ukitoka nje huoni hata migomba ya jirani. Unasikia mtu anakohoa njiani, unasikia ndoo inagongwa, lakini mwenyewe humwoni. Mpaka jua lipande ndipo ukungu unapasuka, na kule chini tambarare za Makanya zinajitokeza kidogo kidogo. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba nyuma ya ukungu ule dunia haina mwisho.

Kila likizo mimi na mdogo wangu tulishuka Same mjini kwa shangazi. Jirani na kwake palikuwa na kibanda cha gemu: mabati, benchi mbili, televisheni ya chogo na PlayStation 2. Wenzetu walicheza mpira. Sisi tulikuwa watu wa San Andreas. Nyuma ya daftari la hisabati niliandika kodi, siyo zile za TRA, bali zile za kuongeza silaha na kuita magari. Kibanda hakikuwa na memori kadi, kwa hiyo kila tukirudi tulianza upya. Nadhani nimemzika mama yake CJ mara mia!

Tuweke historia sawa. Grand Theft Auto: San Andreas ilitolewa na kampuni ya Rockstar mwezi Oktoba 2004. Hadithi yake ni ya mwaka 1992. Carl Johnson, yaani CJ, anarudi nyumbani Los Santos baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Anakuta mtaa umeoza, ndugu wamegawanyika, polisi wenyewe ni wahuni. Kuna miji mitatu iliyochorwa kwa kufuata Los Angeles, San Francisco na Las Vegas, na katikati yake mashamba, jangwa na mlima uitwao Chiliad. Sikatai, ina bunduki na matusi, na shangazi angejua tulichokuwa tunakicheza tungechezea bakora. Lakini mimi pale nilijifunza kwamba hadithi inaweza kuanza na mtu anayerudi msibani.

Sasa sikiliza jambo la ufundi. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu. Picha chache za simu ya leo zinaijaza. Mashine ile haikuweza kuchora nchi nzima kwa mara moja. Ilichora ya karibu, na ya mbali ikayafunika kwa ukungu na vumbi. Nchi yenyewe ilikuwa mraba wenye upande wa kilometa 6 hivi. Kilometa sita! Huku kwetu mtu anatembea mwendo huo kwenda mnadani na kurudi. Lakini ukitoka Los Santos na baiskeli, jua linazama, mbele huoni kitu, ulijiona msafiri kweli kweli.

Sony waliacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2013. Tarehe 11 Novemba 2021 Rockstar wakatoa toleo jipya la gemu tatu za zamani, San Andreas ikiwemo. Wenyewe waliliita toleo kamilifu. Basi bwana, yaliyotokea ni noma. Nyuso za watu ziligeuka vinyago. Mvua ilinyesha kama nyuzi nyeupe mpaka huoni njia. Na ukungu? Waliufyeka. Ukisimama juu ya Chiliad uliona nchi yote, ncha kwa ncha, kama sahani ya ugali mezani.

Mimi niliiona mwaka 2022 nilipokwenda Dar kwa mdogo wangu. Aliweka pedi chini, akanitazama.

"Kaka, kumbe nchi yenyewe ndogo hivi?"

Sikuwa na jibu. Mambo aliyokuwa anayaogopa na kuyatamani tangu utotoni yalikuwa pale, mbali kidogo tu na dirisha la mama yake CJ.

Kuna kisa kingine kidogo ambacho nakipenda. Katika gemu ya zamani kulikuwa na duka la donati, na alama yake ilikuwa nati, ile ya kukazia bolti, yenye pembe sita. Ni utani wa maneno, donati na nati. Katika toleo jipya pembe zile zililainishwa, nati ikawa duara. Aliyelainisha, awe mtu au mashine, alidhani anasahihisha kosa. Kumbe aliua utani.

Je, ina maana vya kale visiguswe? Hapana. Tazama Silent Hill 2, gemu ya kutisha ya Konami ya mwaka 2001. Mwanamume anapata barua kutoka kwa mkewe aliyekwisha kufa, anakwenda kumtafuta katika mji uliojaa ukungu. Mwaka 2012 ilitolewa upya kwa picha safi zaidi. Waliopewa kazi hiyo hawakuwa na programu ya mwisho ya gemu, kwa sababu haikuhifadhiwa. Ukungu ukatoka mwepesi, na yaliyokuwa yamefichwa nyuma yake yakaonekana hayajamalizwa. Mashabiki wakalia. Kisha mwaka 2024 kampuni ya Bloober Team ya Poland ikaijenga gemu ile tangu msingi. Mashine za leo hazihitaji ukungu wa kuficha udhaifu wao. Wao wakauweka kwa makusudi, mzito, kwa sababu walielewa kwamba mjane yule anatembea ndani ya akili yake mwenyewe. Wachezaji wakaipokea kwa mikono miwili.

Tofauti iko hapo. Mmoja aliuliza: hapa pana kasoro gani niiondoe? Mwingine aliuliza: kasoro hii ilikuwa inafanya kazi gani?

Huku Upareni tunalijua jambo hili bila gemu. Tuna ndiva, yale mabwawa ya wazee yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Baadhi yamesakafiwa kwa saruji. Sijamsikia mzee akililia udongo. Maji bado yanalala usiku, zamu bado zipo. Lakini aje fundi aseme zamu ni mambo ya kizamani, kila mtu afungue apendavyo, utaona majembe yakigeuzwa silaha.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanichoma. Nilipokuwa kidato cha tatu niliandika riwaya katika kaunta buku tatu. Kijana anarudi Vudee kumzika mama yake. Ndiyo, unajua nilikoitoa. Wazee wake wanazungumza Kipare bila kutafsiriwa, na sababu ya baba kuondoka haisemwi popote. Mwaka 2023 niliamua kuisafisha. Nilipiga chapa yote, nikatafsiri kila neno, nikaeleza habari za baba ukurasa wa pili. Zile kaunta buku nikaziona takataka. Mama anauza karanga, nikampa afungie.

Nilimtumia mdogo wangu riwaya mpya. Akanipigia usiku.

"Kaka, mbona imeisha haraka?"

Na kurasa zilikuwa zimeongezeka!

Nilimkimbilia mama. Kaunta buku moja ndiyo iliyobaki, ya katikati. Mwanzo na mwisho vimekwisha kuliwa na karanga, kijiji kizima kimepangusia mikono.

Rockstar nao walipotoa toleo lao jipya waliyaondoa matoleo ya zamani katika maduka ya mtandaoni. Watu wakapiga kelele. Siku chache baadaye wakaomba radhi na kuyarudisha kwa watumiaji wa kompyuta. Mwaka 2024 wakaongeza hata chaguo la mwanga wa zamani. Wao walikuwa na pa kurudi. Mimi nina kaunta buku moja.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, jibu langu ni hili: kutengeneza upya kuna faida, tena kubwa. Mtoto wa leo hana televisheni ya chogo, na hadithi isiyofanyiwa upya huenda asikutane nayo kabisa. Lakini kabla ya kufuta kitu, jiulize kilikuwa kinafunika nini, na ile ya zamani uitunze kabatini hata kama inakutia aibu.

Mimi nimeanza tena sura ya kwanza, kwa kukumbuka. Habari za baba nimezitoa. Leo asubuhi nimeandika kurasa nne, nje ukungu bado haujapanda, na mzee mmoja katika hadithi amesema jambo kwa Kipare. Sikulitafsiri.