Mji, bandari na maji: Hamburg mwaka 1892

Vijana wenzetu, ugonjwa ukizuka sehemu yenye wageni, lawama huwa haichelewi: "Hawa ndio wameuleta." Hebu tuangalie mji mmoja uliosema hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, halafu tuone ukweli ulikuwa wapi.

Hamburg iko Ujerumani, kando ya mto Elbe. Pale serikali ya mji na bandari vilikuwa kama chanda na pete. Baraza la mji lilijaa wafanyabiashara na wanasheria, na kilichofaa bandari ndicho kilichopita. Mwaka 1888 walifungua bandari huria yenye maghala makubwa ya matofali, Speicherstadt. Ili maghala yajengwe, watu wapatao 20,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Pesa za kazi hiyo zilipatikana.

Za maji je? Hapo ndipo kulikuwa na shida. Maji ya bomba ya Hamburg yalitoka mtoni bila kuchujwa. Mpango wa chujio ulijadiliwa miaka mingi, watu wakabishana nani alipe, na kazi ikachelewa. Mji jirani wa Altona ulikuwa unachuja maji yake kwa mchanga tangu zamani.

Wakati huohuo maelfu ya watu kutoka milki ya Urusi, wengi wao Wayahudi waliokimbia mateso na umaskini, walikuwa wanapita Hamburg kwenda Marekani. Kampuni za meli ziliwategemea sana kwa nauli. Mwaka 1892 waliwekwa kwenye mabanda ya gatini, na maji machafu ya mabanda yalimwagwa mtoni.

Mwezi wa 8 kipindupindu kikaingia. Viongozi wakasita kutangaza, maana tangazo lingefunga bandari. Meli ziliendelea kuondoka zikiwa na karatasi zinazosema mji ni salama. Daktari Robert Koch alipofika kutoka Berlin, siku zilikuwa zimeshapotea. Watu zaidi ya 8,600 walikufa, wengi wao maskini.

Wageni ndio wakalaumiwa. Na kweli, inawezekana ugonjwa ulifika na wasafiri. Lakini angalieni Altona: mto ni uleule, tena ilivuta maji upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Na bado Altona ilipoteza watu wachache sana. Kulikuwa na mitaa ambayo upande mmoja watu walikufa, upande wa pili wakapona. Tofauti ilikuwa chujio tu, wageni hawakuwa tofauti yenyewe.

Baada ya msiba, mji ulibadilika. Chujio lilikamilika mwaka 1893. Mwaka 1901 kampuni ya meli ya HAPAG, chini ya Albert Ballin, ilifungua majengo ya wasafiri kwenye kisiwa cha Veddel kwa ushirikiano na mji. Kulikuwa na mabweni, vyakula vya Kiyahudi, nyumba za ibada, na madaktari. Baadaye yalipanuliwa hadi kubeba watu wapatao 5,000.

Tusifie? Ndiyo, ila kwa macho wazi. Watu walilala pasafi, wakala, wakatibiwa. Lakini majengo yale pia yaliwaweka mbali na mji. Walipimwa, wakatenganishwa, wakasubiri meli. Sisi tuliokaa kambini tunaelewa vizuri jinsi huduma na ulinzi vinavyoweza kukaa ndani ya ua mmoja.

Historia hii haiko mbali na sisi. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafungwa kwenye masanduku, ikapitia Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa kwa reli Kigoma. Mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, Liemba hiyohiyo ndiyo iliyosaidia kuwatoa ndugu zetu wa Burundi pale ufukweni. Pale pia, watu wengi walibanana sehemu yenye maji na vyoo vichache mno.

Kwa hiyo tunasema hivi. Mji na bandari kushirikiana si jambo baya. Bila bandari watu wengi hawali. Swali ni nani mwingine yupo mezani. Hamburg walikaa wawili tu, mji na wenye meli, na wanaokunywa maji hawakuitwa. Kwenu ndugu wa mashirika: mkikaa na halmashauri au mamlaka kupanga kituo cha mapokezi, ulizeni maji kabla ya kuuliza idadi ya wageni. Na sisi vijana, tukisikia "wameuleta wao", tuulize kwanza: bomba linatoka wapi, na nani alichelewesha chujio?