Kijitabu cha Babu na Ahadi ya Shule

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu leo,

Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Pili, nilikwenda likizo kwa babu yangu, mtaa wa Soweto, mjini Mbeya. Jioni moja alinitolea mkebe wa bati, na ndani yake kijitabu chake cha kuachishwa jeshi. Akasema, "Mjukuu wangu, nisomee. Tazama kama kuna neno la shule." Nilisoma kurasa zote. Namba yake ilikuwapo, kikosi na tarehe pia. Neno la shule halikuwapo. Babu akafunga mkebe. "Ndivyo nilivyodhani," akasema.

Babu alikuwa mmoja wa Watanganyika wapatao 87,000 waliotumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Kusoma Kiswahili alijifunzia kambini, kwa walimu wa jeshi. Lakini kijitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Afisa mmoja aliwaambia kwamba wakirudi nyumbani watasomeshwa. Ahadi ilitolewa kwa mdomo, ikaishia mdomoni.

Walichopata askari wengi ni kiinua mgongo, nacho kilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mwafrika alipewa sehemu tu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Hati ya serikali ya Uingereza yenye viwango hivyo ilianikwa na waandishi wa habari mwaka 2019, wakati askari wenyewe karibu wote wamekwisha kufa. Shule ya Ufundi ya Ifunda, kule Iringa, ilifunguliwa mwaka 1951, miaka sita baada ya vita. Wakati huo babu alikuwa na mke, watoto watatu na jembe.

Sasa tutazame wenzao wa Marekani, waliokuwa vitani wakati ule ule. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria iliyotaja haki ya askari kusomeshwa, pamoja na kiasi chake: ada hadi dola 500 kwa mwaka, na posho ya kuishi. Watu milioni 7.8 walisoma au kujifunza kazi kwa sheria hiyo, na kati yao milioni 2.2 waliingia vyuoni.

Hata hivyo, kuandikwa kwa haki hakukutosha. Askari Weusi wengi walifungiwa milango, hasa majimbo ya kusini. Tena zilizuka shule za ovyo zilizofunguliwa ili kula fedha za askari. Mwaka 1952 sheria ya askari wa vita vya Korea ilielekeza fedha zilipwe kwa askari mwenyewe, si kwa shule. Ulaji haukukoma. Ndipo tarehe 10 Januari 2013 Rais Obama akatia sahihi sheria ya kuongeza uwazi: idara ya askari wastaafu iwape taarifa za vyuo kabla hawajachagua, na ipokee maoni na malalamiko yao. Ilichukua karibu miaka 70 kutoka sheria ya kutoa haki hadi sheria ya kuifanya ionekane.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nimeona mwananchi akikosa stahili yake kwa sababu tangazo halikumfikia, au lilimfikia kwa lugha asiyoijua. Sisi tulio ofisini hatuna budi kubandika masharti yote ubaoni, kwa Kiswahili, pamoja na majina ya waliopata. Nanyi vijana, mikopo ya elimu ya juu imekuwa na Bodi yake tangu mwaka 2005, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa mwaka 2016. Someni masharti mpaka mstari wa mwisho. Mkiahidiwa, ombeni maandishi. Mkinyimwa, ombeni sababu, nayo pia kwa maandishi.

Mkebe wa babu sasa ninautunza mimi. Siku ya mkutano wetu nitakuja nao, na kila atakaye kukisoma kile kijitabu atakisoma.