Uso wa Dola katika Dhahabu ya Bizanti

Sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus kwa Kilatini, ambayo Kaizari Constantine alianza kuitoa mapema katika karne ya 4, ilikuwa na uzito wa gramu 4.5 hivi, kwa kuwa ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 72, na kipimo hicho kilidumu kwa karne nyingi. Kwa raia asiyewahi kufika mji mkuu, Constantinople, kipande hicho ndicho kilichomwonyesha mtawala wake. Hatua ya ujasiri zaidi ilichukuliwa na Kaizari Justinian II, ambaye katika utawala wake wa kwanza (685–695) aliiweka sura ya Kristo upande wa mbele, naye mwenyewe akahamia upande wa nyuma, amesimama na msalaba mkononi, huku maandishi yakimtaja kuwa mtumwa wa Kristo. Unyenyekevu huo ulibeba dai zito mno, kwani anayemtumikia Mungu moja kwa moja hana bwana mwingine duniani. Dola jirani ya Kiislamu ilifuata njia iliyo kinyume: mwaka wa 77 wa Hijria (696–697), mtawala wake, Khalifa Abd al-Malik, alitoa dinari isiyo na sura ya mtu yeyote, iliyojaa maneno ya imani ya Kiislamu pande zote mbili.