Pampu ya joto na umeme usio thabiti majumbani

Pampu ya joto ni mashine inayohamisha joto kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa kubana na kulegeza gesi iliyofungiwa ndani ya mabomba. Ulaya hutumika zaidi kupasha nyumba joto wakati wa baridi, ilhali Dar es Salaam, Mombasa na Muscat hujulikana kwa sura ya kiyoyozi, ambacho huchota joto la chumbani na kulitoa nje. Mashine za zamani zilikuwa na mota ya kuwaka na kuzimika tu. Za siku hizi, ziitwazo za inveta, zina bodi ya elektroniki inayobadilisha mwendo wa kompresa kadiri ya haja, na bodi hiyo hiyo inayopunguza matumizi ya umeme ndiyo iliyo dhaifu zaidi umeme unapoyumba.

Umeme wa nyumbani, ambao ni mkondo geu wa takriban volti 230, hugeuzwa kwanza na dayodi kuwa mkondo mnyoofu, ukahifadhiwa katika kapasita kubwa, kisha ukakatwakatwa na transista ili kuendesha mota. Kilele cha wimbi la volti 230 hufikia kama volti 325, na ndiyo maana kapasita hizo kwa kawaida hutengenezwa zihimili volti 400 au 450. Nafasi iliyobaki si kubwa.

Watu wengi hulaumu radi, na katika maeneo kama bonde la Ziwa Viktoria, ambako ngurumo ni nyingi mno, lawama hiyo mara nyingi ni ya haki. Hata hivyo, adui asiyeonekana upesi ni waya wa nyutro uliokatika au kulegea. Kwenye nguzo za mtaani hupita nyaya tatu za fezi na moja ya nyutro: kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, na kati ya fezi mbili volti 400. Nyutro ikipotea, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa mfululizo, na volti hugawanyika kwa kufuata mizigo yao, hivyo kwamba mwenye pasi na jiko la umeme hubaki na taa zilizofifia, huku jirani yake mwenye taa chache akipata volti zinazoweza kukaribia 400. Kilele chake ni zaidi ya volti 560, kiasi ambacho kapasita ya volti 450 haiwezi kukistahimili.

Kwenye mlango wa bodi huwekwa varista, kijisahani kidogo, mara nyingi cha buluu, kinachomeza mishtuko ya volti ya muda mfupi mno. Volti ya juu ikidumu, varista hupata moto, hupasuka na kukata fyuzi. Fundi akikuta viwili hivyo tu vimeungua, bodi huenda bado ni nzima, na kuuziwa mpya ni hasara ya bure. Wala si kila bodi iliyokufa imeuawa na umeme: mijusi huingia kwenye boksi la nje na kusababisha shoti, na chumvi ya pwani hula njia za shaba.

Umeme mdogo nao una madhara, kwa kuwa bodi huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kazi iwe ile ile, na transista hupata moto. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa ya kizamani hujaribu kuwaka gesi ikiwa bado imebanwa upande mmoja, ikakwama. Kwa hiyo hucheleweshwa dakika kama tatu.

Kinga inayofaa zaidi ni kifaa kinachokata umeme volti inapopanda au kushuka kupita kiwango, kisha kikausubiri utulie. Stebilaiza husaidia penye umeme mdogo, lakini ya bei nafuu hubadilisha volti kwa hatua na haiwezi kuhimili volti 400. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponya nyutro iliyolegea: ndani ya nyumba kuikaza ni kazi ya fundi mwenye leseni, na kwenye nguzo ni ya shirika la umeme peke yake.