Bakteria Katika Matumbo ya Watoto Wachanga

Mwaka 1935, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole, waliokuwa wakichunguza vinyesi vya watoto wachanga nchini Marekani, walieleza bakteria asiyehitaji oksijeni, waliyemwita Bacillus difficilis, ambaye sumu yake iliua wanyama wa maabara ilhali watoto waliombeba walikuwa wazima. Ugunduzi huo haukupewa uzito, pengine kwa kuwa haukuwa na mgonjwa, hadi mwaka 1978 ilipobainika kwamba bakteria huyo, aliyekwisha kuitwa Clostridium difficile, husababisha uvimbe mkali wa utumbo mpana kwa watu waliotumia viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria. Dhana iliyozoeleka ya kueleza kwa nini watoto wachanga hawaugui, kwamba utumbo wao hauna vipokezi vya kunasa sumu hiyo, iliegemea zaidi uchunguzi wa sungura wachanga kuliko wa binadamu. Kwa kuwa wanaweza kumbeba bila kuugua, watoto wachanga wanaoharisha hawapaswi kupimwa bakteria huyo kwa mazoea.