Mlima Mdogo, Majina Makubwa

Iko milima ya kupigia picha na iko ya kufikiria. Huu ni wa kufikiria: Volkano ya Teleki, kaskazini mwa Kenya, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Turkana. Kimo chake ni mita 646 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa ziwa lenyewe liko kwenye mita 360 hivi, mlima haufiki mita 300 juu ya maji. Utasema, "Aa, si kichuguu tu hicho!" Haya, njoo ukipande.

Utatoka alfajiri na mwenyeji anayejua njia, maji mgongoni, maana huko hakuna bomba wala kivuli. Kila unapokanyaga ni jiwe jeusi, lina vitundu kama sifongo na makali kama chupa iliyovunjika. Viatu vya mjini havidumu. Kwenye mteremko wa changarawe unapanda hatua mbili, unateleza moja. Ikifika saa nne, jua linakuchoma juu na mawe yanakuchoma chini. Si mchezo, bwana.

Lakini okota jiwe moja ulitazame. Katika Bonde la Ufa ardhi ya Afrika inapasuka polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Inapotanuka, ganda lake huwa jembamba, na mwamba ulioyeyuka kwa moto hupata upenyo wa kupanda. Gesi iliyomo hufoka kama soda iliyotikiswa. Vile vitundu ndiyo mapovu yake, yaliyoganda. Tabaka likalala juu ya tabaka, kilima kikasimama. Kila tabaka limebaki pale lilipopoa.

Historia ya watu, kumbe, haihifadhiwi hivyo.

Mwezi Machi 1888, Samuel Teleki, mwungwana wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, luteni wa wanamaji wa Austria, walifika hapa na kuukuta mlima ukifuka moshi. Ziwa wakaliita Rudolf, jina la mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria. Ziwa jingine upande wa kaskazini wakalipa jina la mkewe, Stefanie. Mlima ukapata jina la Teleki. Rudolf alikufa Januari 1889. Ziwa lake hakuwahi kulitia machoni.

Sasa tuulize: hao mabwana wawili walifikaje? Msafara ulianzia Pangani mwaka 1887, na mizigo ilibebwa na mamia ya wapagazi wa pwani. Pamoja nao alikuwapo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, aliyezijua njia za bara kabla yao. Hata ziwa halikuwa siri. Habari zake zilishazungumzwa na watu wa misafara, na wenyeji walikuwa na jina lake: Basso Narok, ziwa jeusi. Wenye ziwa lao walikuwapo siku zote, wakivua na kuchunga.

Höhnel aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1892. Humo tunasoma jinsi wapagazi, koo zimekauka, walivyoyakimbilia yale maji kwa shangwe, wakanywa, wakakuta yana magadi. Hebu fikiria mdomo ule! Wengi wa wenzao hawakurudi pwani. Njaa, kiu na maradhi viliwamaliza njiani. Tunachojua juu ya kiu yao tumeambiwa na mtu ambaye hakubeba mzigo.

Mwaka 1975 ziwa lilibadilishwa jina likawa Turkana. Mlima bado ni Teleki. Kubadilisha jina ni jambo la siku moja. Kumpata mpagazi aliyeeleza safari kwa kinywa chake ni kazi nyingine. Pangani, Bagamoyo na Mombasa wapo wazee ambao mababu zao walikwenda bara na misafara, na hadithi nyingine bado zinasimuliwa barazani jioni. Kijana mwenzangu unayesema huna la kuandika, daftari lako liko wapi?